Sahani Isiyo na Dawa

Mkolani, Mwanza
9 Februari 2025

Dada Celestina,

Shikamoo.

Kuna sauti moja imekataa kunitoka. Kijiko kikigonga kikombe cha bati. Mara tatu, kimya, mara tatu tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Niliisikia Novemba katika wodi ya watoto, siku tulipopelekwa kujifunza jinsi damu inavyochukuliwa ili ioteshwe maabara. Alikuwa mtoto wa kike, wa miaka minne hivi, kitanda cha dirishani. Muuguzi Sabina alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono wa kushoto, na wa kulia ukaendelea kugonga.

"Wewe bibi, unamwita nani?" Sabina akamwuliza. "Wote tupo hapa."

Mtoto akamtazama, akagonga.

Chupa ya damu yake ilikuja maabara ikiwa na namba, bila jina, kama taratibu zinavyotaka. Arobaini na moja. Ikaangukia kwenye utafiti wangu. Tuliporudi wodini kuchukua sampuli nyingine, kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa. Nikamtazama Sabina, naye akatazama dirisha.

Uliniambia Mlezi wenu wa wanovisi amekuuliza mdogo wako anasoma nini chuoni ukashindwa kumjibu. Mwambie hivi: anaotesha bakteria, kisha anasoma ndani yao yale maandishi yanayowafanya wasife kwa dawa. Arobaini na Moja, aliyeota kutoka kwenye damu ile, ni bakteria aitwaye Klebsiella. Ndani yake, pembeni na DNA yake kubwa, ana pete ndogo ya DNA, na kwenye pete hiyo kuna jeni inayovunja dawa ya sindano zote walizompiga yule mtoto. Ukiweka kikaratasi chenye dawa katikati ya sahani ya kuoteshea, bakteria dhaifu hufa na kuacha duara tupu kukizunguka. Arobaini na Moja aliota mpaka ukingoni mwa karatasi. Aliigusa. Nilipiga picha, nikakaa nikiitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mwezi uliopita umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na jokofu kuu la idara likaungua. Ndimo walimolala bakteria wetu wote. Mpaka litengenezwe, lazima wahamishiwe sahani mpya kila wiki, la sivyo wanakufa. Nimejitolea kuwahamisha mimi. Naenda Jumapili, jengo likiwa tupu, nasikia mafeni tu na korongo wakitembea juu ya bati. Wengine nawapa wanachostahili, agari yenye dawa, ule ute mgumu wanaootea juu yake. Arobaini na Moja nampa agari tupu, isiyo na dawa. Amepambana vya kutosha.

Precious, ninayekaa naye chumba, anakusalimu sana. Jumamosi tulikwenda wote Kirumba kuangalia mpira. Nina marafiki, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Noela


Nyumba ya Unovisi, Bukoba
2 Machi 2025

Noela,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikimsomea mnovisi mwenzangu Bernadeta. Sasa Bernadeta anafungua milango kwa kiwiko. Umeniharibia mtu.

Nina maswali. Kwanza, Jumapili ukiwa maabara misa unasali saa ngapi? Pili, hicho kijidudu kimeua mtoto, na wewe unakiita "yeye" na kukihurumia kwamba kimechoka kupambana. Kama Arobaini na Moja anavaa suruali na ana simu, niambie mapema nimwandae Baba.

Tatu si swali. Umeandika barua nzima ya wodi, ya kitanda na muuguzi na kijiko, na hukumtaja Mama hata kwa neno moja.

Jumatano tunaingia Kwaresima, na hapa hatuandiki barua mpaka Pasaka ipite. Kwa hiyo sikiliza hili kabla mlango haujafungwa. Nadhiri zangu za kwanza ni tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa. Hapa kwetu mnovisi hapandi altareni peke yake. Anasindikizwa na watu wawili wa damu yake, mmoja kila upande, wanamwachia pale kwenye ngazi. Kwa kawaida ni baba na mama. Baba yupo. Upande wa pili ni wako. Mlezi ameniomba nimpe jina la shangazi, endapo hutaweza. Nimekataa. Ni wewe, au upande ule utakuwa mtupu na watu wote waone.

Celestina


Mkolani, Mwanza
27 Aprili 2025

Dada Celestina,

Shikamoo, na heri ya Pasaka.

Sikukuu nilikuwa hapahapa. Mvua ilinyesha mpaka mawe ya mlimani yakawa meusi, na ziwa likarudisha magugu maji yote kando, nikayaona nilipopita barabara ya chini, yamejaa mpaka maji hayaonekani. Mwenye nyumba aliniletea sahani ya pilau. Nilikula kwa shukrani. Precious anakusalimu.

Kuhusu Agosti. Nimefikiri sana na naona haitawezekana. Kwenda na kurudi Bukoba kwa meli, na siku za sherehe, ni wiki nzima, na Arobaini na Moja hawezi kuachwa wiki nzima. Jokofu bado halijatengenezwa. Hakuna mwingine wa kumhamisha. Najua unavyoisoma sentensi hii, nami nimeiandika mara tatu bila kupata namna ya kuifanya isikike vizuri. Mpe Mlezi jina la shangazi.

Kuhusu Mama, unataka nimtaje niseme nini? Alipasuliwa uvimbe. Kidonda kikaingia bakteria. Wakampa dawa, zikakataa, wakampa nyingine, zikakataa, kisha padre akaja, kisha mkanipigia simu shuleni. Watu wakatuambia ni mapenzi ya Mungu na wewe ukaitikia. Mimi nilitaka kujua ni nini. Hakuna aliyechukua hata usaha kwenye pamba akauotesha. Hakuna aliyekipa namba. Kilichomuua Mama kilizikwa naye na mpaka leo hakina jina, na siwezi hata kukichukia vizuri kwa sababu sijui umbo lake.

Cha yule mtoto ninakijua. Nimekisoma herufi kwa herufi. Maadamu nina uwezo, hakitapotea kama kile.

Nakuombea kwa namna ninayoweza.

Noela


Nyumba ya Unovisi, Bukoba
18 Mei 2025

Noela, mwana wa mama,

Baba alikuja Jumapili. Alileta mikungu miwili ya ndizi na suti yake ya harusi kwenye mfuko wa plastiki, ananionyesha kwamba bado inamtosha. Haimtoshi. Nikasema inamtosha.

Tukakaa kwenye benchi la wageni. Ukimjua Baba, ukimya wake una aina. Huu ulikuwa wa mtu anayetafuta mlango. Mwishowe akasema, "Yule Precious alinipigia."

"Anasemaje?"

"Anauliza kama mwanangu ni mzima."

Ndipo akanieleza. Precious alihama chumba chenu mwezi Machi. Anakaa Mkuyuni. Aliondoka kwa sababu ulikuwa humjibu, na kwa sababu unanawa mikono mpaka inapasuka, na mara moja alikuta unaongea peke yako, akadhani uko kwenye simu, simu ilikuwa kwenye chaji. Alisema, "Baba, mimi sikugombana naye. Niliona tu kwamba hata nikiwepo sipo." Baba aliyarudia maneno hayo kama yalivyo. Ana kumbukumbu nzuri akiumia.

Umenitumia salamu za mtu asiyekuwepo, Noela. Mwezi wa pili sijui, lakini Aprili alikuwa ameshaondoka. Pale Kirumba, kwenye mpira, mlikwenda?

Sitakugombeza. Nami nina kitu sijakuambia, nitakisema hapa kwa sababu kwenye karatasi hunikatizi.

Ule mlio wako wa kijiko naufahamu. Mama alipokosa sauti, koo likakauka, tulimwekea kikombe chake kando, kile cha bati chenye ua jekundu, na kijiko ndani yake. Akitaka maji, au kugeuzwa, au mtu tu, aligonga. Mara tatu. Hukuisikia. Ulikuwa kidato cha sita na alikataa katakata uitwe kabla ya mtihani. Niliisikia mimi. Niliposoma barua yako ya kwanza nilitoka nje nikashika ukuta. Labda watu wote wakikosa sauti huanza na kijiko, sijui.

Baada ya mazishi, pale nyumbani, mtu yeyote alipokoroga chai mimi nilisimama. Baba alikunywa chai bila sukari miezi kadhaa kwa ajili yangu na hatukuwahi kulizungumza. Nilikuambia Mungu ameniita, na ni kweli. Lakini siku nilipokuja hapa kuangalia, waliniandalia chai kwenye kikombe cha plastiki. Meza nzima ni plastiki. Nikajisemea, hapa naweza kukaa. Sijamwambia Mlezi. Unadhani Mungu anaita kwa plastiki?

Nawe ulidhani nilikuacha kwa sababu sikuwa na huzuni ya kutosha.

Kikombe kile ninacho? Hapana. Nilikifunga kwenye kitenge nikakiweka chini kabisa ya sanduku lako la bati ulipokwenda chuo. Sikuweza kukitupa wala kukaa nacho. Angalia chini ya mashuka ya kijani.

Sijampa Mlezi jina la shangazi.

Celestina


Mkolani, Mwanza
8 Juni 2025

Dada,

Sijafungua sanduku. Kwanza nikuambie jambo ambalo halitasubiri, ingawa barua hii itafika likiwa limekwisha.

Mpirani hatukwenda. Nilikwenda peke yangu mpaka nje ya uwanja, nikasikia watu wakishangilia ndani, nikarudi.

Na nilikudanganya kuhusu Arobaini na Moja. Machi, msimamizi wetu Dokta Mashimba aliagiza bakteria wote ambao vipimo vyao vimekamilika wachemshwe, kwa sababu bila jokofu hakuna mahali salama pa kuwaweka. Nikawaua wengine wote. Yeye nikambakiza, nyuma ya maboksi kwenye friji ya wanafunzi. Sahani zenye dawa hutolewa kwa idhini, tupu hakuna anayeuliza, na zaidi ya hayo nilikwisha kuzoea kumpa tupu. Nilikuwa namfikiria kama mtu anayelindwa.

Wiki iliyopita Dokta aliniita. Ripoti yangu iko tayari, imebaki sahihi yake. Tatizo, kipimo changu kikubwa nilikifanya akiwa safarini, hakukiona kwa macho yake. Akasema, "Basi, kwa kuwa zote zimechemshwa, itabidi niiamini picha."

Ningenyamaza angesaini. Nikasema, "Arobaini na Moja ninaye, Dokta. Yuko hai."

Akavua miwani. "Hai? Nani alikuruhusu?" Kisha, kabla sijajibu, "Haya, heri. Rudia kipimo. Jumatano nije nione."

Ningekueleza nilivyofurahi ungeona aibu. Nilimwandalia sahani kama mtu anayemvisha mtoto nguo za kanisani. Nikaweka kikaratasi cha dawa katikati, nikaifunga kwenye inkubeta, lile kabati la joto.

Asubuhi yake kulikuwa na duara. Kubwa, safi, tupu. Alikuwa amekufa pande zote za karatasi kama bakteria wa kawaida kabisa, wa kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza.

Nikadhani nimechanganya sahani. Nikarudia. Nikatafuta jeni yenyewe kwa mashine: mstari wa Klebsiella ulitokea, mstari wa pete haukutokea. Nikakaa chini sakafuni. Nilijua, dada. Nimefundishwa jambo hili, nimelijibia mtihani. Pete ile ni mzigo. Bakteria anayeibeba anakula na kuzaana polepole kuliko asiye nayo. Penye dawa, mzigo huo ndio uhai wake. Pasipo dawa, wale walioiangusha njiani wanakimbia mbele, na kila Jumapili mimi nilikuwa nachota na kuhamisha, nachota na kuhamisha, mpaka wakabaki wao tu. Mimi mwenyewe, kwa huruma, nimemvua kile kilichomfanya awe yeye. Kile nilichokuwa nakilinda kimekwisha toka zamani, labda toka Aprili, wakati nakuandikia kwamba hawezi kuachwa wiki moja.

Yakobo, mwenzangu wa darasa, alinikuta pale chini.

"Nani amekufa?"

Nikamwonyesha sahani. Akacheka, halafu akaona sicheki.

"Mbona rahisi. Mimi nina sampuli mpya za Mei, sugu kama mawe ya Mwanza. Chukua moja, andika arobaini na moja, mpe mzee aone. Sahani zote zinafanana, Noela. Hawana sura."

"Si yeye."

"Sasa huyo wako ndiye?"

Nikaifunika sahani yangu. Amejaribu kunisaidia, si mtu mbaya. Kweli kipimo cha kwanza kilikuwa sahihi, picha ni ya kweli, nisingekuwa nadanganya matokeo, ningekuwa narudisha tu kilichokuwepo. Sahani ya Yakobo iko kwenye friji sasa, ameiandika 41 kwa mwandiko unaofanana na wangu. Nikimwonyesha Dokta ile, nitahitimu na wenzangu. Nikimwonyesha yangu, sijui atafikiri nini, pengine kwamba tangu mwanzo nilibuni.

Jumatano ni mtondo, siku tatu tu. Hutaweza kunijibu. Naandika kwa sababu mezani hapa hakuna mwingine.

Noela


Nyumba ya Unovisi, Bukoba
22 Juni 2025

Noela,

Barua imenifikia Jumatano yako ikiwa imepita. Nimekasirika kwa hilo kuliko kwa uongo wako wote. Kuna dada mmoja hapa mwenye simu ya ofisi, nilisimama mlangoni kwake na namba yako mkononi, kisha nikarudi. Sikuogopa kanuni. Niliogopa kwamba ungeniuliza ufanyeje na mimi ningekuambia uchukue sahani ya Yakobo. Nisingekuwa mtawa wakati huo, ningekuwa dada yako, nataka uvae joho.

Kwa hiyo sijui ulichofanya na sitakisia. Jambo moja tu limenikaa. Unaandika kwamba umemvua kilichomfanya awe yeye, kana kwamba umeua mtoto mara ya pili. Mimi nimesoma sentensi hiyo nikaona kitu kilichoua watu, kikakaa mikononi mwako, kikawa hakiui tena. Sijui sayansi. Labda nimekosea.

Baba amepeleka suti kwa fundi ilegezwe. Upande wa pili bado ni mtupu.

Celestina


Mkolani, Mwanza
6 Julai 2025

Dada Celestina,

Shikamoo.

Jumatano ile niliweka sahani zote mbili mezani. Nilikusudia kuweka moja na hadi mlango ulipofunguka sikuwa nimejua ni ipi. Dokta Mashimba akaingia, akazitazama.

"Arobaini na moja mbili?"

"Hii si yangu," nikasema, nikaisogeza ya Yakobo pembeni. "Yangu ni hii, na haina tena usugu."

Nikamweleza yote: friji, maboksi, agari tupu. Aliinua sahani yangu kwenye mwanga wa dirisha akaizungusha polepole, nikaona lile duara tupu likipita usoni mwake.

"Miezi yote hiyo bila dawa," akasema. "Ulitegemea nini, binti?"

"Sikutegemea. Nilikuwa namtunza."

"Bakteria hatunzwi hivyo." Akaiweka chini. "Ungemchemsha Machi na wenzake, ningekuwa nimeshasaini."

"Ndiyo, Dokta."

Hakusaini. Sura nzima ya Arobaini na Moja imeondolewa, na bila yake ripoti haitoshi. Nitaanza upya Oktoba na sampuli mpya. Wenzangu watavaa joho Novemba na mimi nitakuwa nimekaa na wapiga picha. Aliniambia, akiwa ameshafika mlangoni, kwamba nikitaka naweza kupima safari hii pete hupotea baada ya sahani ngapi, kwa makusudi na kwa mpangilio, maana hata hilo ni swali. Nimekubali juzi.

Kuhusu Yakobo hakuuliza ile nyingine ni ya nani, nami sikusema. Yakobo hanisemeshi. Nadhani ananiogopa.

Nilikwenda Mkuyuni kwa Precious. Ana mwenzake mpya, msichana wa Geita anayecheka sana. Walininunulia soda. Precious alishika mkono wangu akautazama, akasema, "Bado unapasuka," akanipa mafuta ya nazi kwenye kichupa. Tuliongea habari za watu tusiowajali, kisha nikaondoka. Hatarudi, na sikumwomba.

Arobaini na Moja nimemchemsha mwenyewe. Nilimwomba fundi wa maabara aniachie nifunge mtungi wa kuchemshia kwa mkono wangu. Nilisimama pale mpaka mvuke ulipomaliza kupiga kelele. Sahani hutoka zimeyeyuka, zimejikunja, huwezi kusoma namba. Nikazitupa, nikanawa mara moja tu.

Mwambie Mlezi asiandike jina la shangazi. Nimeshakata tiketi ya meli, na Baba nimempigia, atanipokea bandarini. Akaniuliza kama nitakuja na viatu vya heshima.

Na sanduku nimelifungua. Kilikuwa pale ulipokiweka, chini ya mashuka ya kijani, kwenye kitenge. Ua limebanduka upande mmoja. Kijiko kilikuwa ndani, hukuniambia kama umekiweka na kijiko.

Sikuileta habari hii ili uniambie nifanye nini nacho. Asubuhi hii nimekiosha, nikamiminia uji, nikatia sukari, nikakoroga. Kililia sana, chumba kizima. Sikuhesabu.

Mdogo wako,
Noela